Jina la Mvulana wa Tatu

Mimi nilipata demande d'explication kwa sababu Wanande tunajua kuhesabu. Kwa msomaji asiyeishi chini ya serikali yetu: demande d'explication ni karatasi anayokuandikia mkubwa wako kukuuliza kwa nini wewe ni mjinga, na wewe una saa arobaini na nane za kumjibu kwa maandishi, kwa adabu, nakala tatu. Nilifundisha Kifaransa hapa Butembo zaidi ya miaka ishirini bila kupata hata moja. Ya kwanza maishani mwangu ilinifuata kwenye utafiti wa jeni, nikiwa nimeshakuwa bibi wa mtu, na ilisema kwamba nimebuni wagonjwa.

Kubuni wagonjwa! Huku kwetu, ambako mgonjwa hatafutwi, anakuja mwenyewe na mkeka wake! Niliisoma ile karatasi nimesimama kwenye kisoko cha mtaa wetu wa Vulamba, mkononi fungu la sombe, majani ya muhogo, na mama muuza sombe akaniuliza ni nani amekufa.

Utafiti wenyewe ulikuwa hivi. Kuna familia ambazo watoto wao wa kiume wanaugua bila kupumzika: leo sikio, kesho mapafu, wiki ijayo kichwa. Dawa inamtuliza mtoto, ukigeuka ameanza tena, na siku moja hakuna mtoto. Dada zake wanakua wazima na kunenepa. Wenye elimu wanasema katika baadhi ya familia hizo kuna herufi moja imekosewa ndani ya jeni, ile inayoamuru mwili utengeneze kinga ya damu, na mvulana anazaliwa hana kinga. Ili kuijua hiyo herufi, wanataka damu ya mtoto, damu ya mama, na mti wa familia: nani alizaliwa, nani anaishi, nani alikufa na wa nini.

Mkubwa wa utafiti alikuwa profesa kutoka Kinshasa, na biro yake, yaani ofisi, ilikuwa mji wa Beni, komini ya Beu. Sitamsema vibaya sana, maana mwisho wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Lakini mwanzo wake, Mungu anisamehe! Alikuja na viatu vya ncha kwenye lile vumbi letu, kompyuta mbili, na bango lenye jina la utafiti, refu mpaka maneno ya mwisho yalikunjwa kwenye kona ya ukuta na hakuna aliyejua yanasema nini. Alitufanyia semina ya siku tatu. Siku ya kwanza wakubwa walitoa salamu. Siku ya pili walitoa salamu wakubwa ambao siku ya kwanza walichelewa. Siku ya tatu, kati ya chai na chakula, tulielezwa jeni kwa dakika arobaini, kisha kila mmoja akapewa cheti cha kujua jeni. Changu nimekitundika sebuleni, karibu na kalenda ya kanisa.

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri na kuchora miti. Mwanaume ni mraba, mwanamke ni duara, mgonjwa unamjaza wino, marehemu unampiga mstari. Kuchora si kazi. Kazi ni kutafsiri. Ile kinga ya damu nilianza kwa kuiita "askari ba damu", nikajiona mwerevu sana. Mama mmoja wa Beu akaniuliza kama hao askari nao wanafunga barrière barabarani na kuomba sigara. Nikamwambia hapana, mama, hawa ni askari wa kukulinda. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Na mutoto mwenye hana hao askari," akasema, "anaumwa nini sasa? Si ashukuru Mungu!" Nikaacha askari, nikarudi kwenye kinga.

Sasa, ile miti yangu niliingiza majina kwenye tableti, na tableti ikatuma kwenye mashine huko ng'ambo, na mashine ikakasirika. Ilikuta wanaume wenye jina moja wamejaa Butembo nzima. Baba jina hilohilo, mjomba jina hilohilo, mwanawe jina hilohilo, jirani naye hivyohivyo. Kwenye skrini kila mmoja akapata alama nyekundu: doublon. Mtu mmoja ameandikwa mara nyingi. Prof akahesabu alama nyekundu, akachukua kalamu, akaniandikia. Kwamba mimi, mama wa kwaya, nimekaa chini ya paa langu nikajaza majina ya uongo ili nionekane ninafanya kazi.

Nilijibu kurasa nne. Jibu lile ndilo kitu kizuri kuliko vyote nilivyoandika kwa Kifaransa, na limefungiwa kwenye kabati la Beni ambako panya wanalisoma. Nilimweleza Bwana Profesa, kwa heshima zote zinazomstahili, kwamba Mnande hapewi jina, anapewa namba. Wavulana wa tumbo moja wana foleni yao na wasichana wana foleni yao. Mvulana wa kwanza ana jina lake, wa pili ana lake, wa tatu ana lake, na kuendelea mpaka mama achoke. Kwa hiyo nusu ya mji wanaweza kuitwa sawa na wasijuane hata kidogo. Hao si doublon, Bwana Profesa, hao ni wazaliwa wa pili. Na nikaongeza, kwa sababu hasira ilikuwa bado inanichemka, kwamba mtoto akifa hatoki kwenye foleni. Nafasi yake inabaki yake. Anayemfuata hapandi mbele.

Prof alikuja mwenyewe Butembo siku iliyofuata, anatetemeka kwa baridi yetu ndani ya koti la mkopo. Nilidhani anakuja kunifukuza. Kumbe amekesha na barua yangu. Akaketi kwenye ofisi yetu ndogo, akanyoosha vidole, akaniomba nimfundishe majina yote, ya wavulana kwanza. Alijifunza kama mtoto wa darasa la kwanza, kwa sauti, akikosea namba sita kila mara. Kisha akanitazama.

"Mama Traductrice," akasema, "mais, donc majina yenu ni registre ya bafu!"

Ndivyo. Majina yetu ni daftari la wafu, na mimi ndiye niliyempa ufunguo. Kuanzia siku ile hatukuwa tena tunawauliza akina mama ni watoto wangapi wamefariki, swali ambalo kila mama ana namna yake ya kulikimbia. Tuliwauliza tu wanaoishi wanaitwa nani, halafu tukatafuta mapengo. Prof alifurahi kupita kiasi. Alitembea Beni yote akisalimia watu kwa kuwaambia namba zao. Mhudumu wa mkahawa, mlinzi, mchungaji, hakuna aliyepona. "Wewe ni wa ine! Wa tatu iko wapi?" Watu walianza kutuita "bale ba kuhesabu bafu". Na mimi, nitasema ukweli, nilijivuna. Nilijiona polisi wa kwanza mwenye akili katika jimbo hili.

Kuna mama mmoja wa Beu, mzee kidogo, mwenye meno mazuri. Nilimuuliza ana watoto wangapi.

"Ni bane. Boote bazima, Mungu asifiwe."

Wavulana wawili na wasichana wawili. Nikamuomba majina. Wavulana: wa kwanza, na wa tano. Nikaweka kalamu chini, taratibu, kwa lile tabasamu la mwalimu aliyemkamata mtoto na karatasi ndani ya soksi.

"Mama, wa pili, na wa tatu, na wa ine, bako wapi?"

Hakunitukana. Alisimama, akaja mpaka nilipo, akasema, "Unipatie kiti yangu." Nikasimama, akachukua kiti, akaingia nacho ndani, akafunga mlango. Niliisimulia kwenye biro kama mchezo, na Prof alicheka, na dereva alicheka, na mimi ndiye niliyecheka kwa nguvu zaidi. Leo nikiikumbuka ninaona haya mpaka masikio yanawaka.

Nyumbani kwangu, siku hizohizo, kulikuwa na mtoto anaumwa.

Binti yangu ana mvulana mmoja, mjukuu wangu wa kwanza, karibu mwaka mmoja. Alizaliwa mnene, mcheshi, mtoto wa kupigiwa picha. Alipofika miezi saba sikio lilianza kutoka usaha. Lilipokauka, kifua kikaanza. Kifua kikatulia, likaja sikio la pili. Binti yangu alirudi kwangu Vulamba na mtoto mgongoni, kwa sababu kwa wakwe zake maneno yalikuwa yameanza. Mama mkwe wake alimuuliza, mchana kweupe, mbele ya sahani ya chakula: "Kwenu, batoto banaume banaikalaka?" Kwenu watoto wa kiume huwa wanabaki?

Mama yangu mzazi naye alikuwa kwangu. Vita vilipofika kwao Alimbongo alikimbia na kuku wawili na Biblia, akafika Butembo na Biblia. Yeye ndiye aliyempokea mtoto kutoka mgongoni. Alimlisha uji, alimpaka mafuta, alimuombea mpaka sauti inakauka. Hakumtoa mikononi. Na mimi, msomi wa jeni mwenye cheti ukutani, nilitoka kila asubuhi kwenda kuhesabu watoto wa watu wengine, na jioni nikarudi kuuliza kama sikio limekauka.

Mnaona jinsi mtu anavyoweza kuwa mpumbavu? Nilikuwa na ule ugonjwa wote kichwani. Nilikuwa nimeutafsiri kwa midomo yangu mara zisizo na idadi. Lakini kwetu hakukuwa na wavulana waliokufa. Kwetu tulikuwa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kiume, mwenye kinkayeri, duka la misumari na mabati, pale mjini, mzima, ana tumbo kama gunia la saruji.

Daktari wa zamu hospitalini ndiye aliyenishtua. Alimfungua mtoto mdomo kwa kijiko, akaangalia kooni, akaangalia tena, akasema zile nundu mbili za kooni hazionekani, hazipo kabisa, kama ilivyo kwa wasio na kinga, na akaniuliza kama si mimi ninayefanya kazi na watu wa damu. Kesho yake nilikuwa Beni mbele ya Prof. Akasikiliza bila mzaha. Akasema inawezekana. Akasema akiingia kwenye utafiti atapimwa, atapewa dawa ya kila siku ya kuzuia maambukizi, na jibu likitoka ndilo, atapewa ile kinga yenyewe kwa dripu kila mwezi, kinga iliyochujwa kutoka damu ya watu wazima, kitu ambacho hapa hukipati hata ukiuza nyumba. Lakini nafasi zilikuwa chache na sheria ilikuwa moja: lazima upande wa mama kuwe na wavulana waliokufa wadogo, angalau wawili. Bila hivyo, wenye mashine hawakubali.

Niliuliza nyumbani. Mama alikuwa anamenya viazi.

"Mama, ulishapoteza mutoto mwanaume?"

"Hapana."

"Ata moja?"

"Hapana. Mimi nilizala nyinyi babili."

Alijibu bila kuinua kisu. Nikaandika fomu ya familia yangu mwenyewe: duara langu, mraba wa mdogo wangu, wafu hakuna. Niliijaza kwa mwandiko mzuri, na majina kamili kama fomu inavyotaka, kama yalivyo kwenye kadi ya uchaguzi. Nyumbani mdogo wangu tunamuita jina la ubatizo, mjini wote wanamuita Papa Kinkayeri. Lile jina la katikati haliitwi na mtu, linakaa tu kwenye kadi.

Prof aliichukua fomu, akaisoma. Kidole chake kikasimama. Nikaona anahesabu kwenye mkono mwingine, chini ya meza, gumba, cha shahada, cha kati.

"Mama Traductrice," akasema polepole, na safari hii hakucheka, "huyu kaka yako, ni wa ngapi?"

Jina lile nimeliandika kwenye daftari zake za shule. Nimelisikia siku ya harusi yake likisomwa na mchungaji mbele ya kanisa nzima. Ni jina la mvulana wa tatu. Miaka yote ile sikuwahi kulihesabu. Nilihesabu Beni, nikahesabu Butembo, nikanyang'anywa kiti na mama wa watu, na nyumbani mwangu mapengo mawili yalikuwa yamekaa kwenye kadi ya uchaguzi, na picha juu yake. Mtu wa Kinshasa, asiyejua hata kumsalimia mtu kwa Kinande, ndiye aliyeniona. Nilitamani ardhi ya Beu ifunguke.

Nilirudi Butembo na hasira ya mtu aliyeaibishwa, na hiyo ndiyo hasira mbaya. Sikuvua hata viatu.

"Mama, wa kwanza na wa pili bako wapi?"

Alijua papo hapo ninasema nini. Akasema, "Ile jina ni ya sokulu yake. Balimurizisha jina ya babu."

"Babu alikuwa wa ine! Mama, mimi ndiyo kazi yangu!"

Nikamwambia mambo ambayo mtoto hamwambii mama yake. Nikamwambia anamuua huyu mtoto kwa kinywa chake. Binti yangu alitoka chumbani na mtoto, akatuangalia, akarudi. Mama aliokota viazi vilivyomwanguka mapajani, kimoja kimoja, akaviosha.

Siku tatu hakusema nami neno zaidi ya salamu. Aliendelea kumbeba mtoto, kumpaka mafuta, kumuombea. Siku ya nne mtoto alishikwa na mapafu, midomo ikawa ya majivu, tukakimbia naye lopitali kwa moto, yaani pikipiki, binti yangu mbele, mimi nyuma. Walimwekea oksijeni. Saa nne asubuhi nikamuona mama anaingia koridoni, amevaa kitenge chake cha umoja wa akina mama wa kanisa, ambacho huwa anavaa Jumapili tu, na ametembea kwa miguu kutoka Vulamba.

Akaketi karibu nami kwenye benchi. "Leta ile karatasi yako," akasema. "Ile ya kuchora."

Nilichukua karatasi. Nikafungua kalamu.

"Wa kwanza weka hapa. Mbele yako. Wewe hauko wa kwanza."

Miaka arobaini na minane nimejivuna kwamba mimi ni kifungua mimba. Nilichora mraba mbele ya duara langu, nikaupiga mstari.

"Masikio," akasema. "Kisha kichwa. Wa pili andika nyuma yako. Wewe ulikuwa unamubeba, unamuangusha, unalia kuliko yeye. Kifua. Uko na miaka mitatu, ulimutafuta siku mingi, ukachoka."

Mimi nilimbeba! Nilitafuta ndani ya kichwa changu chote na sikukuta hata uzito wake. Nililia pale koridoni, manesi wanapita na mabeseni yao. Mama hakulia. Aliendelea kusema, kwa sauti ya mtu anayesoma ripoti ya idara. Kwamba baada ya wa pili, ukoo wa baba yangu uliitisha mkutano, wakasema huyu mwanamke anakula wavulana na kumuacha msichana kwa sababu ya mbuzi wa mahari. Kwamba baba alitaka kumrudisha kwao, na mimi nibaki. Kwamba mchungaji wa wakati ule aliokoa ndoa kwa masharti: afunge na kuomba, na wale watoto wasitajwe tena ndani ya nyumba ile, waishe. Akaapa. Aliyezaliwa baadaye akapona. Wote wakasema mnaona, ameacha.

"Niliapa juu ya wewe," akasema. "Ili nibaki nikuchunge."

Hivyo ndivyo fomu yetu ilivyopata wafu wake wawili. Nilipoipeleka Beni, Prof aliisoma na kuuliza tarehe tu. Mtoto alitoka kwenye oksijeni, akaandikishwa, dawa ya kila siku ikaanza, na damu yetu ikaruka: ya mtoto, ya binti yangu, yangu, ya mama. Mama alikuwa hajawahi kupanda ndege. Alisema angalau damu yake imetangulia.

Majibu yalichukua miezi. Yaliporudi tulikwenda Beni wote wanne, mapema, tukapita barrière zote kwa kumuonyesha askari mtoto. Chumba cha Beu kilikuwa na kitanda kimoja na chuma cha kutundikia dripu, na mtoto alikuwa tayari amefungwa sindano ya ile kinga, amelala juu ya mapaja ya mama yake. Jibu lilikuwa ndilo. Herufi moja, kama walivyosema. Prof alivuta kiti, akaeleza kwa Kifaransa, akiniachia nafasi ya kutafsiri.

Akasema: kosa hili linakaa kwa mwanamke bila kumuumiza. Ni mama ndiye anayelibeba na kumpa mtoto wa kiume.

Sentensi hiyo nilikuwa naijua. Nilishawaambia akina mama wengi wa Beni na Butembo, kwa ulimi mwepesi, kisha nikageuza ukurasa. Sasa nikaikata katikati. Nikatafsiri: "Anasema ni mambo ya damu. Haina mutu alikosa."

"Hapana," mama akasema. "Amesema mère. Ile neno najua. Amesema nini juu ya mère?"

Binti yangu akainua macho. Basi nikasema. Nikasema inatoka kwa mama. Nikasema yeye alinipa mimi, mimi nikampa huyu, huyu akampa mtoto, bila yeyote kujua.

Mikono ya mama ilikuwa imelala juu ya kitenge, viganja juu.

"Donc bale balisema ni mimi," akasema, "balikuwa na haki?"

Miaka ishirini ya Kifaransa, cheti cha jeni, kurasa nne za demande d'explication, na sikuwa na neno moja la kumpa mama yangu. Prof akaniuliza amesema nini. Nikamwambia. Yule mtu wa viatu vya ncha akatoa miwani, akaiweka mezani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakupitia kwangu. Alimgeukia mama, akajaribu Kiswahili chake kibovu.

"Mama. Hapana. Mutoto hii, hana kinga, hata moja. Mais mwezi ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka sita, yeye muzima, non? Juu ya nini? Kinga ya nani ilikuwa ndani yake?" Akanitazama kwa kuomba msaada, nami nikamalizia, na sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka: "Ya huyu ni ya mama yake, na ya bale bako ilikuwa yako, mama. Mutoto anazaliwa na kinga ya mama yake kwa damu. Wale wavulana hawakuwa na yao hata kidogo. Siku zote walizoishi bila ugonjwa, ni wewe ulikuwa unabalinda. Ikaisha tu."

Mama akageuka kumwangalia mtoto. Akamwangalia binti yangu, akamrekebishia kitambaa begani.

"Miezi sita?" akaniuliza.

"Sita. Kwa kawaida ni sita, mama."

Akatikisa kichwa, si kwa kukataa, akahesabu kitu kwenye vidole vyake.

"Wa kwanza," akasema, "mimi nilimufikisha munane."